Kishikwambi Nilichompa Baba Mkwe

Jamani, nisikilizeni mpaka mwisho ndipo mnicheke. Kosa ni langu. Si la mume wangu, si la duka, si la mtandao, wala si la mila za watu. Ni langu mimi na tamaa yangu ya kitu kipya!

Jina sitaji, maana Mafinga ni ndogo na wateja wetu wanajua kusoma. Jueni tu kwamba mimi ni Mhehe wa Iringa, nimeolewa na Mnyakyusa wa Tukuyu, na tunauza fanicha hapa Mafinga. Mume wangu ndiye fundi. Yeye yuko nyuma na randa na vumbi lake, mimi niko mbele na mdomo wangu. Mteja akija namwonyesha picha za vitanda na makabati kwenye kishikwambi, anachagua, tunapatana.

Hicho kishikwambi kilikuwa kizima. Hilo naomba mliweke kichwani. Kioo kilikuwa na ufa mdogo pembeni, kava lilikuwa na gundi ya mbao, basi. Kinawaka, kinapiga picha, kinakaa na chaji kutwa nzima.

Halafu nikaenda Iringa mjini kununua vitambaa vya sofa. Duka la pembeni wamekipanga dirishani kile kipya, toleo lililokuja baada ya changu. Chembamba! Kioo kimejaa mpaka ukingoni! Nikaomba nikishike tu. Dada wa dukani akaniambia nijipige picha, nikajipiga, nikajiona nang'aa kama bibi harusi. Weee! Nilirudi Mafinga na vitambaa vya rangi ambayo sikutumwa.

"Hiki ulicho nacho kina ubaya gani?" mume wangu akaniuliza, hata mashine hajazima.

"Kamera imechoka, baba Juni. Nikipiga picha mbao, zote zinatoka rangi ya ugali."

"Si mbao za msonobari? Unataka zitoke rangi gani?"

Kesho yake nikamwambia kinasumbua kwenye kugusa, ukibonyeza hakisikii. Akakichukua kwa kidole chenye vumbi, akabonyeza, kikafunguka palepale. Akanirudishia bila neno. Mume wangu ana tabia hiyo ya kukurudishia kitu bila neno, inaudhi!

Hapo ndipo akili yangu mbaya ilipoanza kufanya kazi. Nikamkumbuka baba mkwe.

Baba mkwe wangu alifanya kazi mashamba ya chai mpaka akastaafu. Mama mkwe alishafariki, mzee anaishi peke yake Tukuyu, na wifi yangu mkubwa yuko ng'ambo ya barabara, anamwangalia. Mzee ni mzee wa kanisa, na ndiye msomaji wao. Jumapili anasimama mbele na kusoma somo, shati limepigwa pasi, sauti nzito. Ndiyo furaha iliyombakia. Lakini macho yalikuwa yameanza kumtupa. Hata akivaa miwani, anaruka mistari. Alikuwa ameshamwambia mchungaji kwamba labda sasa wasome vijana.

Haya yote mume wangu alikuwa amenisimulia siku nyingi, kwa huzuni. Mimi nilisema "pole yake," nikaendelea kula.

Sasa sikilizeni unafiki. Nikasubiri siku mume wangu ameshiba, nikamwambia kwa sauti ya upole ambayo hata mimi sikuifahamu: "Baba Juni, namfikiria sana mzee. Hiki kishikwambi herufi unazikuza unavyotaka. Tungempa yeye asomee kanisani, sisi tukajikaza tukatafuta kingine."

Mume wangu akafuta macho kwa kiganja. "Mama Juni," akasema, "Mungu akubariki."

Nilibarikiwa kwa uongo, jamani! Na bado nilisema amina.

Tukaenda kununua. Yule dada wa dukani akaniambia vizuri kabisa: "Hicho cha zamani ukikitoa, ondoa kwanza akaunti yako, ufute kila kitu, kianze upya." Nikajibu sawa, sawa, macho yangu yako kwenye kipya. Nyumbani nikaweka Biblia ya herufi kubwa kwenye kile cha zamani, nikakifuta kioo kwa kitambaa, nikaona kazi imekwisha. Mume wangu akakipeleka Tukuyu.

Hapa lazima niwaeleze jambo, hasa nyie msio na wakwe Wanyakyusa.

Ukoo wa mume wangu bado wanashika mila ya zamani: mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Mimi nikiwa sebuleni, mzee haingii. Nikikutana naye njiani, naingia migombani mpaka apite. Yeye akikaribia nyumba anakohoa kwanza, ili nijue. Ni heshima, si ugomvi. Nimezaa, nimelea, na sura ya baba mkwe wangu siijui vizuri mpaka leo. Namjua kwa kikohozi, kwa mkongojo, na kwa kofia yake ikiwa imenipa kisogo.

Na tunaongea, msidhani hatuongei! Lakini kupitia mtu. Mzee yuko nje ya dirisha, mimi ndani, anasema, "Mwambieni mama Juni ndizi zimeiva." Namsikia vizuri kabisa. Lakini nangoja wifi aniambie kwamba ndizi zimeiva, ndipo niseme, "Mwambieni baba, ndaga." Na yeye naye anangoja aambiwe ndaga, asante yenyewe ameshaisikia.

Mwanzoni nilicheka sana. Kwetu nasi tuna heshima zetu, lakini za kukimbilia migombani, hapana! Baadaye nikaipenda. Niambieni, ni nani mwingine duniani anayekuheshimu mpaka akuachie njia nzima upite?

Sasa mmeanza kuona nilichokifanya? Mimi sikuona.

Miezi ya kwanza ilikuwa raha tupu. Mzee akarudi kusoma kanisani, bila kuruka mstari hata mmoja. Wifi akapiga simu kunisifu. Ndizi na maparachichi vikaanza kuja kwa basi, na ujumbe juu yake: "Mwambieni mama Juni macho yangu amenirudishia yeye." Nilijivimbisha kichwa, ndugu zangu! Nikagawia majirani maparachichi, nikiwaeleza jinsi nilivyo mkarimu.

Huku nyuma nakifaidi kipya changu. Nikapiga picha kila kitu: vitanda, makabati, chakula, mimi. Mimi na rola kichwani. Mimi nimejipaka udongo usoni ili ngozi iwe laini, ulimi nje, namtumia mdogo wangu acheke.

Na siku moja mdogo wangu alikuja kunitembelea. Tuko jikoni, akaniomba nimwonyeshe baba mkwe anavyofanya. Mwee! Si nikajifunga kitenge kama msuli, nikashika mwiko ukawa mkongojo, nikaingia nimeinama nakohoa: "Khm! Khm! Mwambieni mama Juni apite, mimi sipo!" Mdogo wangu akinirekodi kwa kile kipya, anacheka mpaka anakaa chini. Sikuwa na ubaya moyoni, naapa. Lakini na heshima pia sikuwa nayo siku hiyo.

Halafu ndizi zikaacha kuja.

Mume wangu akimpigia baba yake, mzee anasema yuko salama, mvua zipo, na simu anakata mapema. Tukasikia kwamba kanisani hasomi tena. Mume wangu akadhani macho yamezidi. Nikasema tumwombee.

Ndipo wifi mkubwa akapiga. Nilikuwa dukani, peke yangu.

"Wifi, uko wapi?"

"Nipo dukani, wifi. Kamwene!" nikamsalimia kikwetu.

"Usiniambie kamwene. Hupo dukani. Upo huku sebuleni kwa tata, baba yetu, umekaa mezani, na mzee wa watu anakunywa chai jikoni."

Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamwomba arudie, akarudia kwa ukali zaidi, halafu akanisimulia yote, na kila alichosema kilinishusha.

Akaunti yangu ilikuwa imebaki mle ndani. Kila picha niliyopiga Mafinga kwa kipya, ilikwenda yenyewe mpaka Tukuyu kwenye kile cha zamani. Na mume wangu, mtoto mwema, alikuwa hakosi kumwekea baba yake bando!

Jumapili moja mzee amesimama mbele ya watu, yuko katikati ya somo, mara kishikwambi kikamtolea picha juu ya mstari. Mimi. Rola kichwani, udongo usoni, ulimi nje. Mbele ya madhabahu!

Mzee alikifunika kwa kiganja. Akarudi kwenye benchi lake, akakaa. Watu wakadhani ameugua ghafla. Hakumwambia mtu, kwa sababu kusema kungekuwa kukiri kwamba amemwona mkamwana wake katika hali ile, na kungeniaibisha mimi. Mimi! Alikuwa ananilinda mimi!

Nyumbani akakiweka kwenye meza ya sebuleni, akakifunika kwa khanga ya marehemu mama mkwe. Lakini kila nikipiga picha, kinalia ting! chini ya khanga. Kwake yeye huyo ni mkamwana, amefika, yuko ndani. Basi mzee akawa anakohoa, anachukua kofia yake, anatoka. Mwishowe akaacha kabisa kuingia. Kiti chake kiko sebuleni, redio yake iko sebuleni, na yeye yuko jikoni kwenye moshi. Wifi alipombana sana ndipo akasema: "Mle ndani yumo mama Juni. Nitaingiaje?"

"Na bado," wifi akaendelea. "Nilikwenda kukiangalia kuna nini, nikabonyeza nisichokijua, ikaanza ile ya kwako na mwiko. Sauti yote juu. Tata yuko nyuma ya ukuta."

"Ameiona?"

"Ameisikia. Yote. Na kicheko cha mdogo wako."

Nikakaa kwenye stuli iliyo karibu, na ile stuli ilikuwa imepakwa vanishi asubuhi. Sketi ilibaki pale, jamani, ikabidi nijifunge kitenge.

Jioni nikamweleza mume wangu. Nilianza na picha, nikafika kwenye kanisa, nikafika kwenye mwiko. Aliguna tu. Lakini nikaona nitapike yote. Nikamwambia kwamba hata kule kumfikiria mzee hakukuwa kumfikiria mzee. Nilitaka kipya tu.

Akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo baba alikuwa kisingizio?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikalia."

"Ndiyo, baba Juni. Ukalia."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alisema tu nijiandae, tunakwenda Tukuyu, na kipya changu nikibebe.

Safari ile! Mafinga mpaka Makambako hajasema kitu. Makambako mpaka Igawa nikamnunulia mahindi, akayala, hajasema kitu. Tulipofika Uyole, kwenye kubadili gari, ndipo akafungua mdomo: "Kipya kitabaki kwa baba. Kitupu, bila wewe ndani. Wewe utarudi na chako." Sikubisha. Nilichokuwa nawaza ni mzee na chai yake kwenye moshi, na kama atasimama tena mbele ya watu. Kama hatasimama, ni mimi niliyemkalisha.

Tukuyu mvua inanyesha kama kawaida yake. Nikaingizwa sebuleni. Ile khanga iko mezani, imefunika kishikwambi vizuri, pembe zote zimekunjwa. Nilipoiona nikaanza kulia hata kabla ya kukaa.

Wifi akaja na sura ya kesi. Akasimama juu yangu wakati nafanya yale ambayo dada wa dukani aliniambia tangu mwanzo: kwenye kile kipya naondoa akaunti, nafuta kila kitu, kianze upya. Nikaweka Biblia, nikakuza herufi. Wifi akakikagua kama anakagua mchele wenye mawe.

Nikasikia kikohozi. Mzee amekuja barazani, amekaa, mgongo kwa dirisha. Mume wangu akasimama mlangoni, katikati yetu.

Nikasema, "Mwambie baba nimemkosea. Nimemkosea kwa picha, nimemkosea kwa mwiko, na hata zawadi yenyewe niliitoa kwa uongo. Namwomba anisamehe."

Mume wangu akarudia yote, hata ile ya uongo. Hakuruka.

Mvua tu ikalia kwenye bati. Nikajua basi, nimefukuzwa.

"Mwambie mama Juni," mzee akasema, "ile ya kikohozi ameikosea."

Mume wangu akageuka kunitazama. Hata hakujua arudie au asirudie.

"Mwambie. Mimi nikikohoa naanza na pumzi. Yeye anaanza na koo. Mama yenu ndiye alikuwa anaipatia. Alikuwa ananiigiza humo humo jikoni, mimi niko nje nasikia, anafikiri sisikii. Tangu amekufa hakuna mtu aliyeniigiza."

Jamani!

"Nilipoisikia ukutani," akasema, "nikajua hii nyumba bado ina watu. Mwambie aniwekee kwenye hiki kipya. Sauti tu. Picha asiweke."

Nikamwambia mume wangu amwambie baba sawa, lakini yeye ameegemea mlango analia. Safari hiyo mzee hakungoja kuambiwa. "Nimesikia," akajibu mwenyewe.

Basi nikarekodi. Mimi ndani na kishikwambi, mzee nje na mgongo wake, nakohoa. "Mwambie aanze na pumzi." Narudia. "Mwambie asiharakishe, mimi si kijana." Narudia tena. Wifi, aliyekuja kunisuta, ndiye aliyeshindwa kwanza. Alitoka nje akicheka na kulia, akaenda kusimama mvuani. Mara ya mwisho mzee akasema, "Hapo sasa. Mwambie ndaga."

Siku tulipoondoka, mimi nikishatoka tu, chai ya mzee ilirudi sebuleni.

Sasa ninaandika haya kwa kishikwambi changu cha zamani, chenye ufa na gundi. Kizima! Wateja wanachagua vitanda kama kawaida. Mume wangu alininunia kwa muda, na mpaka leo nikimwambia namfikiria mtu fulani, ananiuliza ninataka nini. Nimeyataka mwenyewe.

Jumapili iliyofuata safari ile wifi alinitumia sauti kutoka kanisani. Mzee anasoma somo lote, mwanzo mpaka mwisho, hakuruka mstari. Lakini kabla hajaanza, kuna kikohozi. Kimeanza na pumzi. Nilicheka peke yangu dukani, mteja akaniuliza kulikoni, nikamwonyesha vitanda.

Kwa hiyo nyie dada zangu, na nyie kaka zangu mnaopita madukani mnashikashika vitu vipya: ukitaka kipya, sema unakitaka. Wakikukatalia, nuna, yatapita. Usimtafute mzee wa watu ukajifichia mgongoni kwake. Na ukimpa mtu chako cha zamani, hakikisha wewe mwenyewe umeshatoka ndani, umwache mwenzio akae sebuleni kwake.